Miguu Isiyofika Sakafuni

Katika jiko la vyakula vya ndege kule Hounslow, kazi ya Sushila ilikuwa kuweka mkate mmoja mdogo kwenye kona ya kushoto ya kila trei. Mwatima, aliyesimama kuliani kwake, aliweka siagi. Trei zilipita mbele yao juu ya mkanda wa mpira tangu asubuhi, zikaenda uwanjani, zikapanda ndege na kuondoka. Shifti ikiisha wao wawili walivua kofia zao za nailoni wakaenda kusubiri basi.

Walijuana siku ya kwanza ya kazi, pale Sushila alipoangusha trei na kusema peke yake, "Lahaula." Mwatima aligeuka kumtazama Mwislamu mwenzake, akamwona mwanamke wa Kihindi mwenye tika jekundu kwenye paji la uso, alama ya mke wa Kihindu aliye na mume.

"We mtu wa wapi?" aliuliza.

"Unguja, Hurumzi," Sushila alijibu. "Duka la vitambaa, karibu na kona."

"Mie Vikokotoni," Mwatima alisema, na tangu siku hiyo hawakusimama mbalimbali.

Mwatima alikuwa amekuja London baada ya mapinduzi ya Unguja. Sushila alikuwa ameolewa Kampala akiwa msichana, na alifika na binti yake Kalpana mwaka 1972, Wahindi walipofukuzwa Uganda. Mume wake hakufika. Sushila alikuwa na pasipoti ya Uingereza kwa kuwa alizaliwa Unguja. Mumewe alikuwa amechukua uraia wa Uganda, Uganda ikamvua, akawa si raia wa mahali popote. Ndege ya wakimbizi ilimpeleka kwenye kambi moja Austria. Sheria ya Uingereza wakati ule ilikuwa kwamba mume aweza kumleta mke wake, lakini mke hawezi kumleta mume. Sushila alieleweshwa jambo hili ofisini na bwana mpole, aliyemkaribisha kiti kabla ya kumweleza.

Bwana huyo aliuliza jina la mume, na Sushila akanyamaza. Kalpana ndiye aliyejibu. Kwa wanawake wa kwao, mke halitamki jina la mumewe, maana kila anapolitamka humpunguzia umri. Sushila alikuwa hajalitamka tangu siku ya harusi. Alimwita Baba Kalpana, na kabla Kalpana hajazaliwa alimwita "sikiliza."

Majira ya baridi yalipoanza, Sushila aliacha kula chakula cha mchana. Mwatima aliona, akavumilia, kisha akauliza. Sushila alisema kwamba kila akitia tonge mdomoni hujiuliza mwenzake huko kambini anakula nini, na tonge halishuki. Mwatima hakubishana naye. Jumapili iliyofuata alimchukua mpaka mkahawa mmoja wa Wachina nyuma ya stesheni ya Hounslow. Alimwambia kwamba wanauza kitu kinachoitwa dim sum, vitafunio vidogo vidogo vinavyopikwa kwa mvuke ndani ya vikapu vya mianzi, bei yake haiumi, na hata mtu asiye na hamu hushtukia keshamaliza.

Kuagiza kulichukua muda. Mwatima hali nguruwe. Sushila hali nyama yoyote, wala samaki, wala yai. Mhudumu alisikiliza akaondoka, akarudi na kikapu kimoja cha vibunda vya unga vilivyojazwa kabichi. Sushila alifunua kifuniko. Mvuke ulipanda, na katika mvuke akatokea mume wake, kichwa na shingo, masikio yakiwa hayajakaza vizuri.

Nywele zake zilikuwa na unyevu. Alimtazama Sushila, akamuuliza kwa Kigujarati kama amevaa soksi za sufu. Sushila alisema amevaa. Akauliza Kalpana yuko wapi, akaambiwa yuko kazini, kwenye duka la miwani kule Harrow. Mhudumu alisogeza chupa ya sosi isije ikamwagika.

Mume wa Sushila alieleza kwamba katika kambi yao kuna chumba cha dobi, ndicho chumba pekee chenye joto. Jumapili mchana yeye hukaa humo kati ya mashuka yanayochemshwa, hufumba macho, na leo alipofumbua alijikuta mezani. Kisha vibunda vikapoa. Kwanza ukapotea mdomo wake, halafu kidevu, mwisho macho. Sushila alivila vibunda vyote, na vilishuka.

Mhudumu alipoleta hesabu alisema, kwa sauti ya chini ili mwenye mkahawa asisikie, kwamba hapa hupasha moto vya jana. Kwa vya kupasha watu hawaji sawasawa. Wakatafute mahali panapopikwa siku ile ile.

Ndivyo walivyoanza kuzunguka. Kila Jumapili Sushila alishuka na treni kutoka Harrow, Mwatima akatoka Hounslow, wakakutana mjini wakiwa na viatu vizuri vya kutembea. Walijaribu Soho, ambako kulikuwa na mikahawa mingi katika njia moja na ilibidi kuchagua. Ule wenye mazulia na taa za karatasi ulimleta mume mpaka kiunoni, tena akiwa amechana nywele, lakini bei yake ilikuwa ya kwenda mara moja na kusimulia. Wa jirani yake ulikuwa rahisi, ila unga ulikuwa mzito, na mume alikuja amevimba uso kama mtu aliyeumwa jino. Kulikuwa na mmoja Bayswater uliokuwa na kabichi nzuri sana. Huko sauti yake ilisikika vizuri na yeye mwenyewe hakuonekana, wakakaa wakizungumza na kikapu mpaka kikapoa. Mahali pengine alitokea akiwa ametazama ukutani, wakazungumza na kisogo.

Nyumbani Sushila alijaribu kwa dhokla, ile keki ya unga wa dengu ambayo mama yake alimfundisha, nayo hupikwa kwa mvuke. Aliipika kwenye sufuria yake ya aluminiamu. Alipofunua, matone yalidondoka kutoka kwenye kifuniko na chumba kikajaa harufu ya mafuta ya nywele ya mumewe, basi. Kalpana aliingia kutoka kazini, akasimama mlangoni akavuta pumzi. "Dad amekuja?" aliuliza. Mama yake alisema hapana, ni sufuria tu.

Mkahawa wa Bwana Lau waliupata karibu na bandari ya Limehouse, juu ya duka la nanga na taa za meli. Ulikuwa na ngazi nyembamba, na watu walipanga foleni mpaka nje barabarani. Chini ya ngazi alisimama binti wa Lau na ubao na chaki, akiuliza kila mtu jina na idadi ya watu, kisha nafasi ikipatikana huita kutoka juu. Mwatima alitoa jina lake. Vitafunio vililetwa kwa kigari cha magurudumu, vikapu vikiwa vimepangwa juu ya vikapu, na bei ilikuwa ya watu wa kazi za bandari. Sushila alifunua kikapu cha uyoga. Mume wake alitokea kichwa, mabega, kifua chenye sweta la kahawia alilopewa kambini, mapaja, magoti, na chini ya magoti kidogo. Alikuwa akielea kati ya kiti na meza.

"Hapa pazuri," alisema.

Alikaa mpaka kikapu cha nne. Alizungumza na Mwatima pia, kwa Kiswahili cha Kampala, na Mwatima akacheka mpaka akafuta macho.

"Baba Kalpana, hicho Kiswahili au mawe?"

"Wewe mama ya Zanzibar, Kiswahili yako ni ya kuvaa Idi," alisema. "Yangu ni ya kazi."

Lau mwenyewe alikuwa mzee mfupi aliyetoka jikoni mara chache. Alipopita mezani alimpa mume wa Sushila heshima ya kichwa, kama ampavyo mteja yeyote. Mama yake Lau, aliyekufa zamani huko kwao, humjia kila alfajiri katika kikapu cha kwanza kumkosoa unga. Lau alisema siri ni mianzi, kwani bati hurudisha maji chini na watu hurudi nayo, lakini mianzi huyanywa.

Habari zilienea, kama zinavyoenea habari za mahali pa kula vizuri kwa bei nafuu. Baada ya Krismasi kulikuwa na wanawake wengine wa Uganda katika mkahawa ule. Meza ya dirishani ilikuwa ya Zainab, msichana wa Mbarara aliyeolewa mwaka ule ule wa kufukuzwa, mumewe akiwa kambini Malta. Kila Jumapili wanaume walining'inia juu ya meza, kila mmoja akimsikiliza mkewe, na kigari kilipita chini ya miguu yao isiyokuwapo.

Mwezi wa pili Kalpana alichumbiwa. Kijana aliitwa Suresh, wa duka lile lile la miwani. Baba yake, Ramesh, alikuwa ametoka Nakuru miaka ya nyuma na alikuwa na duka la magazeti Harrow. Ramesh alikuja na Suresh kuzungumza na Sushila, akakaa kwenye kiti kimoja kilichokuwapo, akanywa chai. Alisema kwa upole kwamba katika harusi baba ndiye anayeutia mkono wa binti katika mkono wa mume, na wote wanajua hali ilivyo, kwa hiyo binamu yake wa Leicester na mkewe wako tayari kukaa mahali pa wazazi. Hutokea hivyo baba anapokuwa amekufa.

Kalpana alikuwa amesimama karibu na dirisha. "Baba yangu hajafa," alisema.

Ramesh alisema hakuna aliyesema amekufa.

"Basi akae yeye mahali pake," Kalpana alisema. "Kama hawezi, sitaolewa mpaka aweze. Suresh namjua, atangoja."

Ramesh alimtazama mwanawe, na Suresh akaitazama chai.

Sushila alikuwa amekwisha kuandika maombi ofisini, ya huruma maalumu, ili mumewe aruhusiwe kuja kwa ajili ya harusi. Alikuwa amejibiwa kwamba maombi yanashughulikiwa. Jumapili alimweleza mumewe katika mvuke. Mumewe aliinamisha kichwa akafikiri, matone yakidondoka kutoka nyusi zake, kisha akasema mkono anao. Aliunyoosha. Ulifika mpaka kwenye kucha.

Jumapili iliyofuata alikuja bwana mwenye mwavuli kutoka ofisi ya uhamiaji. Mtu fulani alikuwa amepeleka habari kwamba wanaume wasio na ruhusa huonekana Limehouse siku za Jumapili. Alipanga foleni kama wengine, akaomba kukaa katika meza ya Sushila, akauegemeza mwavuli kwenye kiti. Aliuliza jina la yule anayeelea. Sushila alinyamaza, Mwatima akajibu. Bwana yule akaomba radhi, akainama chini ya meza akatazama kwa muda.

Alipoinuka alieleza kwa Kiingereza cha taratibu, na Mwatima akafasiri. Kwa mujibu wa kanuni, mtu huhesabiwa kuwa ameingia nchini pale nyayo zake zinapogusa nchi. Huyu hana nyayo, kwa hiyo hajaingia. Ni kama abiria aliye angani, na walio angani ofisi haina neno nao. Lakini siku nyayo zake zitakapogusa sakafu atakuwa ameingia bila ruhusa. Itabidi aondolewe, na yale maombi yatafutwa, kwani huruma maalumu haipewi mtu aliyekwisha kuvunja sheria.

"Basi aelee," Mwatima alisema.

"Aelee," bwana yule alikubali. Kisha akaagiza vibunda vya kamba, akavila, akauliza vinaitwaje. Baada ya hapo alikuja kila Jumapili. Aliinama chini ya meza za wake wale mara moja kila afikapo, halafu akala.

Harusi ilipangwa mwezi wa tano, Jumatatu, siku ambayo Lau hufunga mkahawa. Ilikuwa katika ukumbi wa shule mmoja Harrow, wenye sakafu ya mbao zilizopigwa nta. Shida ilikuwa chakula. Mbele ya moto wa harusi hakuwezi kuletwa kikapu kilichowahi kupika nyama, wala kitunguu, wala thomu. Lau alisema vikapu vipya anavyo. Lakini alisema wazi kwamba mvuke mzuri hushikwa na mafuta, na kabichi tupu isiyo na thomu itamleta mtu mwepesi, ambaye mkono wake utapita katikati ya mkono wa binti bila kuugusa.

Walikaa jikoni kwake wakafikiri. Mwatima ndiye aliyesema, "Na tui la nazi je?"

Lau hakulijua. Mwatima alinunua nazi sokoni Walthamstow kwa shemeji yake, akaja na mbuzi ya kukunia aliyotoka nayo Unguja akiwa ameiviringisha katika kanga, akaikalia katikati ya jiko la Lau, akakuna. Sushila alikoroga unga wa dhokla kama alivyofundishwa, wakauchanganya na tui zito, wakaumimina katika vikapu vya mianzi vilivyotandikwa majani ya mgomba. Lau alifunua cha kwanza. Mvuke ulitoka mweupe, ukasimama. Mama yake Lau alitokea ingawa hakuitwa, akanusa, na kwa mara ya kwanza hakukosoa.

Siku ya harusi Lau alikuja ukumbini na majiko ya gesi na vikapu vilivyofika urefu wa mtu. Akavipanga nyuma ya kiti cha baba. Wageni walikaa. Bwana mwenye mwavuli alikaa safu ya nyuma, kwani naye alialikwa. Pandit, kuhani wa Kihindu, alipouliza wazazi wako wapi, Sushila alikaa kwenye kiti chake na Lau akafunua.

Mume wake alikuja karibu mzima. Alikuja na sweta lake la kahawia na mikono yote miwili, magoti, miundi, mpaka vifundo vya miguu vikiwa ndani ya soksi. Mama yake Suresh alimpa nazi ya baraka aishike, na haikuanguka. Pandit alilitaja jina lake na la baba yake na la babu yake, na Sushila akainamisha macho kama mke anavyopaswa.

Kalpana aliletwa na mjomba mtu. Alimtazama baba yake.

"Umekonda," alimwambia.

"Wewe umenenepa," alisema. "Vizuri. Kumbe huku kuna chakula."

Aliuchukua mkono wa binti yake akautia katika mkono wa Suresh, na wa Sushila ukawa juu. Mikono yote minne ililowana. Pandit alitoa kitambaa akaifuta, akaendelea kusoma. Ramesh, aliyekuwa ameweka binamu yake wa Leicester tayari katika safu ya pili, alimfanyia ishara kwamba hahitajiki, naye akavua kilemba.

Wakati bwana na bibi harusi wakiuzunguka moto, Lau alifika kwenye vikapu vya chini kabisa, vile vilivyotiwa tui zito kuliko vingine. Alivifunua kwa pamoja. Ukumbi ulijaa harufu ya nazi na iliki. Sushila alihisi kiti cha jirani kikilia kwa uzito. Alitazama chini. Visigino vya mumewe vilikuwa vimetokea, soksi zikiwa zimetoboka upande, na nyayo zilikuwa zikishuka kuelekea kwenye mbao, taratibu, kama mtu anayejaribu maji. Palibaki nafasi ya kidole.

Safu ya nyuma bwana mwenye mwavuli alikuwa ameinama kama mtu anayefunga kamba za viatu.

Mwatima alikuwa amesimama nyuma yao na kifuniko mkononi. "Shoga," alisema kwa sauti ndogo, "nifunike au niache?"

Sushila alijua kwamba tui lile lilitosha. Alijua kwamba mumewe angesimama. Angetembea mpaka kwenye mlango wa ukumbi, angeiona barabara ya Harrow na maua ya mwezi wa tano, na hapo angeshikwa, na maombi yangefutwa. Barua ilikuwa imesema yanashughulikiwa. Alikuwa ameisoma mara nyingi na kila mara aliona kwamba ilikuwa na adabu.

Mumewe naye alikuwa akitazama sakafu. "Mbao hizi ni baridi?" aliuliza.

"Baridi," Sushila alisema.

"Basi siku nyingine," alisema.

Sushila alikichukua kifuniko kutoka mkononi mwa Mwatima, akakifunika kikapu mwenyewe, akakishikilia. Nyayo zilipanda. Vikapotea vifundo, magoti yakafuata. Kalpana alipomaliza kuuzunguka moto baba yake alikuwa amebaki mabega, na aliweza kumbariki kwa kichwa tu. Bwana mwenye mwavuli alimpa Sushila pongezi mlangoni, akapewa boksi la vitamu kama kila mgeni.

Wageni walikula ile dhokla. Wengi walisema hawajawahi kula iliyolainika vile.

Kiangazi kilipita, na Jumapili ziliendelea. Maombi yalikuwa yanashughulikiwa. Baridi iliporudi, mume wa Sushila alianza kuja akikohoa, na Lau akaamini ni pilipili manga, akaipunguza. Kisha ikaja simu ya maandishi kutoka Austria. Alikuwa amekutwa katika chumba cha dobi, Jumamosi, amekaa kati ya mashuka na macho ameyafumba. Waliomkuta walidhani amelala, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa akilala.

Kalpana alitaka kwenda kumleta, lakini haikuhitajika. Majivu yalikuja kwa posta. Boksi lilikuwa na kibandiko cha kijani cha forodha kilichoeleza kwamba yaliyomo hayana thamani ya biashara. Mtu wa posta aliuliza kama huyu ndiye Sushila, akampa boksi, akamtakia siku njema. Hakuna mtu mwingine aliyeuliza chochote. Sushila aliliweka boksi mezani, akafuta tika kwenye paji la uso wake, akavua bangili. Mwatima alikuja akakaa naye. Kisha akamwoshea vyombo.

Maombi hayakujibiwa. Kalpana alipopiga simu ofisini aliambiwa yanashughulikiwa.

Ilipita miezi kabla Sushila hajasema, wakiwa kwenye mkanda wa trei, kwamba Jumapili hii angependa kwenda Limehouse. Mwatima aliweka siagi. "Twende," alisema.

Kulikuwa na theluji iliyoyeyuka njiani na foleni ilikuwa ndefu kama zamani. Binti wa Lau alisimama chini ya ngazi na ubao wake. Alimtazama Sushila kwenye paji la uso, akainua chaki.

"Jina?"

Mwatima alifungua mdomo kutoa lake, kama ilivyokuwa desturi yao.

"Chaman," Sushila alisema.

Lilitoka kwa sauti ndogo, na alikuwa hajui lina uzito gani mdomoni, kwani ilikuwa mara ya kwanza. Hakukuwa na umri tena wa kupunguza. Mwatima alifunga mdomo. Binti wa Lau aliuliza watu wangapi.

"Watatu."

Walisubiri pamoja na wengine, wakipigapiga miguu kwa baridi. Kisha sauti ya binti ilisikika kutoka juu ya ngazi, ikashuka mpaka barabarani, kila mtu wa foleni akaisikia.

"Chaman! Watu watatu!"

Walipanda. Kigari kilikuja, na Sushila akafunua kikapu cha uyoga. Mumewe alitokea, lakini safari hii hakuwa na sweta la kahawia wala unyevu kichwani. Alikuwa na shati jeupe la mikono mifupi, lile alilokuwa akivaa dukani Kampala. Yalikuja magoti, ikaja miundi, vikaja viatu. Viatu vilishuka vikagusa sakafu, vikatoa mlio mdogo juu ya mbao. Alivuta kiti akakaa. Akamuuliza Mwatima habari za siagi.

Bwana mwenye mwavuli alikuwa kwenye meza ya karibu. Aliinama kama kawaida yake, akaviona viatu, akaviona jinsi vilivyokanyaga. Aliinuka akaendelea na vibunda vyake vya kamba. Faili lile lilikuwa halimhusu tena, kwani kanuni ziliandikwa kwa ajili ya walio hai.

Kisha akafuta mdomo, akaenda kuinama kwenye meza ya dirishani. Zainab wa Mbarara alikuwa amekaa pale na mume wake wa Malta, kijana bado, akining'inia juu ya kikapu kilichofunuliwa sasa hivi, miguu yake ikiwa imefika mpaka kwenye vifundo na ikizidi kushuka. Zainab alikuwa akimsikiliza na kutabasamu. Katika mkono wa kulia alishika kifuniko, tayari.